Sita na Mgeni

Njeru alinijua kwa mgongo. Nilikuwa kwa muuza nyama hapa Majengo, mjini Meru, nikingoja kupimiwa mbavu, niliposikia sauti ya gwaride nyuma yangu: "Karani wa ndengu! Bado unahesabu?" Niligeuka nikaona mzee mrefu aliyevaa koti la mvua siku ya jua kali, meno ya mbele hayapo. Ilibidi nimvue uzee kwa mawazo, nimvishe kofia ya homgadi, askari mlinzi wa kijiji zama za ukoloni, na kumtia bunduki begani, ndipo nikamkumbuka. Tulisalimiana mpaka muuza nyama akalalamika kwamba tunamzibia wateja. Njeru aliniambia kwamba Ciarunji, yule mama wa shamba la mfereji, yu hai, kule chini karibu na Ishiara, na kwamba bado analima ploti ileile ya zamani. "Kila nikimkuta sokoni ananiuliza, yule Mswahili wa Meru alikufa au alitajirika? Namwambia sijui, labda yote mawili." Nikamjibu kwamba sijafanya hata moja. Nikaahidi kushuka kabla ya mvua.

Watu wa rika langu wakizungumza juu ya miaka ya Imajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, huanza na pasi za kusafiria, mahandaki na ndugu waliochukuliwa. Nami ninayo hayo ya kusimulia, wala siyapunguzi. Lakini mwaka mmoja katika miaka ile niliishi mahali ambapo swali kubwa la kila asubuhi lilikuwa maji yamesimama wapi chini ya udongo, na nikiwa mkweli, nilikuwa na furaha. Nilikuwa kijana wa Majengo, nimesoma shule ya msingi tu, nazungumza Kiswahili cha nyumbani na Kimeru cha mtaani. Mpimaji mmoja Kalasinga, Bwana Harbans, alihitaji mkalimani ambaye angepewa pasi bila maswali mengi. Vijana wa vijijini hawakupewa. Sisi wa Majengo, ambao serikali haikujua ituweke katika kabila gani, tulipewa. Basi nikapanda lori la mahindi nikashuka kwenye joto la huko Ishiara.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja cha mabati, na humo ndimo tulimofanya kazi, tulimopika na tulimolala. Meza ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa, kitasa chake bado kipo, na Bwana Harbans alikuwa akining'iniza kilemba chake hapo jioni. Kulikuwa na harufu ya mafuta ya taa, samli na karatasi iliyopata jasho. Kabla ya hapo alikuwa amepima mashamba ya ngano huko Timau, na kila saa sita mchana, mabati yakianza kupasuka kwa joto, alisema, "Salimu, mimi nataka Timau. Timau mimi nalala na blanketi tatu." Alikuwa akipika chapati na ndengu za kusagika, nami nikileta nyama nilipoipata. Yeye hakula nyama, lakini alipenda kuniangalia nikila, akauliza kila mara kama ina chumvi ya kutosha.

Chumvi ndiyo iliyotupeleka huko. Serikali ilikuwa imechimba mfereji kutoka mtoni na kuwagawia ploti wanawake waliohamishwa na kukusanywa katika kijiji cha kulindwa. Wengi wao waume zao walikuwa kizuizini. Misimu miwili ya kwanza shamba lilizaa vizuri. Kisha ukanda wa chini ulianza kuwa mweupe, kana kwamba mtu amepita akimwaga unga. Mbuzi walikuja kuulamba. Wanawake waliukwangua wakautumia badala ya magadi kulainishia maharagwe, na ni kweli maharagwe yaliiva upesi, lakini mahindi yaliyopandwa hapo yalifika magotini yakakauka ncha. Ploti ya Ciarunji ilikuwa katikati ya ukanda huo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti iliyovuka shamba zima, na ndiye aliyezungumza kwa niaba ya wenzake, kwa Kimbeere cha kwao nilichokielewa nusu na Kiswahili cha sokoni kilichomalizia nusu nyingine. "Mwambie Kalasinga wako," aliniambia siku ya kwanza, "mimi hapa sitoki. Nikitoka hapa nitakaa kijijini kungoja posho kama kuku. Aniambie tu nichimbe wapi." Bwana Shamba mkuu alikuwa amekwisha kutoa habari: atakuja mwisho wa kiangazi, na kama hakuna njia ya kuondoa chumvi, ukanda wa chini utafungwa na wenye ploti watarudi kijijini.

Bwana Harbans alinieleza ugonjwa wa udongo ule kwa kijiti, tukiwa tumechuchumaa mchangani. Maji ya mfereji yanapenya chini, hayapati pa kutokea, yanajaa kama maji katika sufuria. Yakipanda karibu na uso wa ardhi, jua linayavuta, na yanapokauka yanaacha chumvi yake juu. Dawa ni mitaro mirefu ya kuyatoa. Mtaro ukiwa karibu na mwenzake, maji yanashuka lakini shamba linaisha kwa mitaro. Ukiwa mbali, maji yanapanda katikati kama mgongo wa ng'ombe. Alitaka kujua mgongo huo utafika wapi kabla mtu hajashika jembe. Kama shamba lingekuwa mraba mzuri, alisema, angelimaliza kabla ya chai. Lakini mfereji ulipinda mara nyingi, na bonde lilikata shamba mshazari.

Kanuni yake ilikuwa nyepesi hata nikaidharau. Gawa shamba lote kuwa miraba. Kimo cha maji katika kila mraba ni wastani wa vimo vya majirani zake wanne, mbele, nyuma, kushoto na kulia, pamoja na nyongeza ndogo ya maji yanayomwagiliwa. Kwenye mtaro kimo ni sifuri. Unaanza kwa kubahatisha, unazunguka mraba kwa mraba ukisahihisha, unarudia, unarudia tena, mpaka hakuna mraba unaobadilika. Miaka mingi baadaye, nikiwa na duka la vipuri vya baiskeli, nilinunua kitabu cha hisabati cha mitumba, nikajifundisha sura baada ya sura kati ya mteja na mteja, na katikati ya kitabu nikaikuta kanuni hiyohiyo imevalishwa alama za Kigiriki. Nilicheka peke yangu dukani. Mteja aliyetaka mnyororo alidhani namcheka yeye.

Ubaya wa kanuni ile ni kwamba ni nyepesi lakini haina mwisho. Bwana Harbans alizungusha namba kwa penseli siku nzima, kesho yake pia, na mgongo wa ng'ombe ukabaki umevimba hapa na kubonyea pale. Kiangazi kilikuwa kinakwisha. Siku moja tukila, aliacha kutafuna, akatazama ndengu katika sahani yake, akatoa moja akaiweka mezani, kisha nyingine kando yake. "Salimu," akasema, "mimi iko mtu mmoja. Maji iko kila mahali pamoja. Kila mahali inafanya hesabu yake yenyewe. Kwa nini mimi nafanya peke yangu?"

Ndivyo wanawake wa shamba lile walivyogeuka kuwa maji. Tulifagia uwanja wa kupuria mtama, tukachora miraba kwa majivu, na katika kila mraba akakaa mwanamke mmoja mwenye kibuyu cha kuwekea ndengu na mfuko wa ndengu za akiba. Ndengu moja ilisimama badala ya upana wa kiganja kimoja cha maji, kuanzia usawa wa chini ya mtaro. Nikipiga debe, kila mmoja anawauliza majirani zake wanne wana ngapi, anatoa ndengu kama hizo mfukoni mwake, anaongeza mbili za mfereji, anazigawa mafungu manne sawa, na fungu moja ndilo kimo chake kipya. Haikuhitaji kusoma. Wanawake wale walikuwa wamegawa chakula kwa mafungu maisha yao yote, na mkono wao ulikuwa mwepesi kuliko penseli yetu. Wale waliokaa mahali pa mtaro walibaki na vibuyu vitupu siku nzima, na hao ndio waliopiga kelele zaidi. "Mimi mnanifanya mtaro, nitakula nini?" Jirani yake akamjibu, "Wewe ndiye unanivuta chini. Hata kwa ndengu za kuchezea u maskini!" Ciarunji alikaa pale ilipokuwa ploti yake kweli, na alitaka hivyo.

Njeru ndiye aliyekuwa homgadi wa zamu. Alikuja akakuta wanawake wamekaa kwa mistari, wananong'onezana namba na kupitisha punje mkononi, akashusha bunduki begani. "Hiki ni kiapo," akasema. Mwaka ule neno hilo, la kiapo cha wapiganaji wa msituni, lilitosha kumpeleka mtu mahali asikorudi. Bwana Harbans alitoka na penseli sikioni. "Hapana kiapo. Hii ni maji." "Maji yako wapi?" "Maji ni hawa mama." Njeru alimtazama Kalasinga, akanitazama mimi, akavuta gogo. "Basi nitakaa hapa niyasikilize hayo maji," akasema, na akakaa kweli, bunduki mapajani, mpaka jua lilipopinda.

Siku ile tulipata jibu letu. Ulifika mzunguko ambao nilipiga debe na hakuna kibuyu kilichobadilika, nikapita nikiandika. Bwana Harbans alikuwa amekwisha kuniambia mpaka wa usalama: katikati ya mitaro maji yakisimama viganja saba, udongo wa juu utabaki mkavu na chumvi haitapanda. Yakifika vinane, ukanda umekwisha. Na ukanda wa chini wote, na ploti ya Ciarunji ndani yake, ulikuwa nane. Bwana Harbans aliangalia karatasi, akavua miwani, akaipangusa ingawa haikuwa na kitu. Jioni ile hakupika. Alianza kuandika mapendekezo kwamba ukanda wa chini uachwe, nami nikapewa kazi ya kuchora ramani safi, kila kimo kwa rangi yake.

Mimi ni mtu wa polepole, na uchoraji wa polepole ndio uliotusaidia. Nilitia kijani penye tano, njano penye sita, nikachukua nyekundu kwa ajili ya saba, nikatafuta pa kuiweka. Sikupata. Kila mahali sita iligusana na nane. Nilidhani nimeruka mstari, nikapitia tena. Hakukuwa na saba hata moja katika shamba lote. Nikamwonyesha Bwana Harbans, na kwa dakika chache alifurahi, akidhani tumegundua mwamba chini ya ardhi unaozuia maji ghafla. Kisha akatikisa kichwa mwenyewe. Mwamba ungekuwa mahali pamoja, haungezunguka shamba zima kama mshipi. "Maji haipandi ngazi," akasema. "Iko kitu. Nenda uliza mama."

Nilimkuta Ciarunji jikoni kwake mchana, anapika maharagwe kwa chumvi ileile iliyokuwa ikimlia ploti. Nilimwuliza kama jana alipata saba wakati wowote. Akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. "Hiyo unayoitaja," akasema, "hatukai nayo. Mama mwenye watoto ataibeba hiyo mapajani? Ikikujia, unaongeza moja, unapita. Kuongeza si kubaya kama kupunguza." Nilikuwa nimewahi kusikia Meru kwamba namba hiyo ina kisirani, lakini Majengo hatukuijali, na haikunijia akilini kwamba wanawake wazima wangeikwepa hata kwa ndengu. Kisha akainama karibu, akapunguza sauti yake, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. "Na siku hizi ni mbaya mara mbili. Wale wa msituni wanaapisha watu kwa hiyo hiyo. Mara hizo ndizo wanazozunguka, mara hizo ndizo wanazoonja. Na yule wenu ameketi na bunduki anasikiliza. Ungeisema wewe?"

Nilikaa kwenye kigoda chake nikiona jambo lote likifunguka. Mmoja akipandisha kimo chake kuwa nane, anawavuta majirani zake wote juu, nao wakifika penye saba wanaruka vilevile, na ukanda mzima unafurika maji ambayo hayapo. Nilimwambia hivyo, kwa mkono, nikipanga maharagwe yake sakafuni. Nikamwambia pia kwamba mpaka wa usalama ni namba ileile anayoikimbia, na kwamba ploti yake inaachwa kwa sababu hiyo. Ciarunji alisogeza harage moja kwa kidole. "Maji yenyewe," akauliza, "yanaiogopa?" Nikasema hapana. "Basi ni sisi tu." Akachukua ndengu sita kutoka kibuyuni, akaziweka kiganjani, kisha akatafuta kunde moja nyekundu akaiweka kando ya zile ndengu. "Sita," akasema, "na mgeni. Mgeni hahesabiwi na watoto wa nyumba. Lakini akija anakula, na chakula kinapungua sawasawa. Kalasinga wako atakubali?"

Kalasinga alikubali kabla sijamaliza kueleza. Alizunguka meza akisema "sita na mgeni, sita na mgeni," kana kwamba ametunukiwa zawadi, na usiku huo alipika ndengu maradufu. Asubuhi iliyofuata wanawake walirudi uwanjani, kila mmoja na kunde moja nyekundu kando ya ndengu zake, na nikapiga debe. Kazi ilikwenda vizuri mpaka mwanamke mmoja aliposema kwa sauti, "Mimi nina sita na mgeni." Njeru akasimama.

"Mgeni gani?" akauliza. Mwaka ule mgeni aliyelishwa na wanawake alikuwa mtu mmoja tu, na alitoka msituni. Njeru alipita katikati ya miraba, buti zake zikifuta majivu. "Nimeuliza, mgeni gani? Anakula kwa nani?" Ciarunji ndiye aliyenyanyua kibuyu chake. "Anakula kwangu," akasema. "Huyu hapa. Mtazame vizuri, afande, uone kama ana bunduki." Mtu mmoja alicheka kwa pua kisha akajizuia. Njeru aliinama juu ya kibuyu. Nilikuwa nimesimama karibu naye, nikaona midomo yake ikianza kuhesabu zile ndengu, kimyakimya, kama mtoto anayesoma. Moja, mbili. Ilifika sita. Akaiona kunde. Midomo ikasimama hapo hapo, haikuendelea. Naye alikuwa mtoto wa Embu, mwenye mke na watoto nyumbani. Akajinyoosha, akarekebisha mkanda wa bunduki. "Rudisheni majivu yenu vizuri," akasema. "Nimewaharibia mstari." Akarudi kwenye gogo lake, na nikapiga debe.

Ramani ya pili ilikuwa laini kama mgongo wa ng'ombe mwenye afya: kijani, njano, nyekundu, na nyekundu ilitanda juu ya ukanda wote wa chini. Hapakuwa na nane. Bwana Shamba mkuu alipokuja aliisoma akiwa amesimama, akauliza maswali makali, naye Bwana Harbans akayajibu moja moja bila kutaja ndengu. Uamuzi wake ulikuwa wa haki: mitaro ichimbwe, shamba limwagiliwe msimu mmoja, na shimo la kupimia lichimbwe katikati ya ukanda, mpaka usawa wa chini ya mtaro. Maji yakipita alama, ukanda unafungwa bila mjadala. Shimo likachimbwa katika ploti ya Ciarunji. Fimbo ya kupimia niliichonga mwenyewe, pengo moja kwa kila kiganja, na penye saba sikuchonga pengo. Nilifunga uzi.

Msimu ule ninaukumbuka kwa vyakula na mazungumzo. Wanawake walichimba mitaro wakiitana kwa majina ya mirabani: yule aliyekuwa mtaro alibaki akiitwa Mtaro mpaka nilipoondoka, na akaitika. Bwana Harbans alijifunza kula maharagwe ya magadi. Njeru alianza kuacha bunduki ofisini, kando ya kilemba, akija kutusaidia kula. Mfereji ulifunguliwa, udongo ukanywa, na kila asubuhi tulikwenda shimoni na fimbo. Maji yalipanda pengo baada ya pengo, tano, kisha sita, na asubuhi moja uzi ukatoka umelowa. Ciarunji hakwenda kazini siku hiyo wala iliyofuata. Alikaa kando ya shimo kama mtu anayemwuguza mgonjwa. Uzi ukalowa tena, na tena, na maji hayakuupita. Yalisimama pale tulipoyasimamisha kwa punje. Nimefanya mambo mengine tangu hapo, nimejenga duka na kusomesha watoto, lakini sijui kama nimewahi tena kuona wazo na dunia vikigusana kwa usahihi ule.

Wiki iliyopita nilishuka Ishiara kama nilivyoahidi. Ciarunji amezeeka, na macho yake yamefunikwa na ukungu, lakini sauti bado inavuka shamba. Alinipokea kwa matusi ya miaka yote niliyopotea, akaniketisha, akataka kujua kama Kalasinga aliwahi kurudi Timau kwenye blanketi zake. Nikamwambia alirudi, na huko ndiko alikofia. Akashika mkono wangu akaniongoza kupita mahindi yaliyotupita urefu. Shimo lipo bado, limefunikwa kwa jiwe bapa. Fimbo si ile niliyochonga, hiyo iliozea humo humo. Amekwisha kuchongesha nyingine na nyingine, kila moja kwa mfano wa iliyotangulia, na zote zina uzi. Aliishusha taratibu mpaka ikagonga chini, akaitoa, na kwa kuwa haoni, akapitisha kidole gumba kutoka chini kwenda juu, pengo kwa pengo, midomo yake ikihesabu. Kidole kikafika kwenye uzi. Ulikuwa umelowa, na juu yake mti ulikuwa mkavu. Akanishika kidole changu, akakiweka pale pale.

"Yupo," akasema. "Bado anakula kwangu."